Nilivyochagua FPGA kubwa kuliko laptop yetu (Lodwar hadi Kakuma)

Ejok wakuu.

Mimi ni wa kusoma tu humu. Mwaka mzima sijawahi kuandika hata "asante". Leo nimejikaza. Ninayosimulia yametoka kwenye diary yangu, na pale nilipojiaibisha nimeacha vile vile.

Niko Form Three, shule ya wasichana ya kutwa, Lodwar. Naongea kidogo sana. Mwalimu wetu wa Physics anasema sauti yangu inafaa kuongea na mbu. Lakini hati yangu ni nzuri, kwa hiyo nikafanywa secretary wa science club. Tuko sita.

Kwa wasiojua, FPGA ni chip ambayo kiwanda hakijaiamulia kazi. Wewe unaandika unachotaka kwa lugha kama Verilog, halafu sakiti ya ndani inajipanga hivyo. Leo inahesabu, kesho inaendesha taa. Ukikosea unafuta, unaanza upya.

Hilo la kufuta na kuanza upya ndilo lililonivuta. Kwa mdomo huwezi.

Ila chip peke yake haimsaidii anayeanza. Unahitaji bodi, yaani chip iliyoshapachikwa pamoja na vibonyezo, taa ndogo ndogo na mahali pa kuchomeka USB.

Sasa twende.

Kuna mama mmoja wa kutoka upande wa Lokitaung ambaye anafanya kazi ya chip nchi za nje. Nitamwita Engineer. Alisoma primary na mwalimu wetu. Muhula uliopita akamtumia mwalimu message: "Wasichana wachague bodi moja ya kujifunzia. Moja tu. Nitanunua niwatumie."

Akaweka picha za bodi mbili. Kampuni sitataja, hazina kosa lolote kwenye hii story.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, kama kiberiti cha box. Taa nane, vibonyezo viwili, USB. Basi.

Ya pili, wueh. Kubwa kama daftari, ina tundu la HDMI la kuunganisha skrini, ina memory yake, ina processor ndani, ina matundu ambayo mpaka leo sijui ya nini.

Kazi ya kuchunguza nikapewa mimi. Nikasoma nyuzi za humu siku tatu. Kuna mkuu mmoja (sijui kama bado yupo) aliandika kwamba kabla ya kuangalia bodi, angalia kwanza laptop yako, maana software ya chip kubwa ni nzito kupita kiasi. Nikaandika kwenye diary: ANGALIA LAPTOP KWANZA. Nikapiga mistari miwili chini.

Siku ya mkutano nikaenda na diary mkononi.

Mwenyekiti wetu ni Nasike. Huyo hahitaji microphone. Hata kabla sijafungua ukurasa alikuwa amesimama juu ya stuli ya maabara.

"Mtu akikufungulia boma lake akwambie ingia uchague mmoja, wewe utatoka na kitoto?"

"Haaapana!"

"Utatoka na nani?"

"Ngamia!"

Wakacheka, wakagonga meza. Mwalimu naye akacheka. Kisha Nasike akanigeukia. "Secretary, wewe ndio umesoma. Unasemaje?"

Nikaangalia ile mistari yangu miwili.

Nikasema, "Ile kubwa ni nzuri."

Ndiyo hayo tu niliyosema, wakuu. Nikaandika minutes kwa hati nzuri sana.

Jambo moja zaidi mlijue. Chumba cha club kilikuwa store ya maharagwe. Mwalimu alikiomba kwa deputy principal, na deputy akakubali kwa sharti kwamba siku ya wazazi tuonyeshe kitu kinachofanya kazi. Tusipoonyesha, maharagwe yanarudi na sisi tunatoka.

Bodi ikafika. Tuliifungua mchana wa jua kali, tukafunga madirisha kwa sababu ya vumbi, tukatoka jasho kama watu wa jikoni. Nasike akaibeba kwa mikono miwili. Tukaichomeka, taa ndogo nyekundu ya umeme ikawaka. Kelele zile, mpaka mpishi akaja kuona nani ameumia.

Kisha tukatafuta software yake.

Laptop ya club ni moja. RAM ni GB nne. Nafasi iliyobaki kwenye disk haikufika GB ishirini. Installer ikatuambia bila huruma kwamba inahitaji zaidi ya mara tatu ya hapo. Na hiyo ni baada ya kudownload, kwa bando ambazo sisi tunanunua za kusoma WhatsApp.

Tukafuta picha za graduation za mwaka juzi. Tukafuta mitihani ya zamani. Bado haikutosha.

Wiki tatu ile bodi ikakaa mezani na taa yake moja nyekundu. Hatukuwa tumeiandikia hata mstari mmoja.

Hapo ndipo Engineer akauliza kupitia mwalimu: mnaendeleaje? Mwalimu akanipa simu nijibu, kwa sababu mimi ni secretary. Nikapiga picha ya ile taa nyekundu, karibu sana, kila kitu kingine kisionekane. Nikaandika: "Tunaendelea vizuri sana, tunashukuru."

Akajibu kwa mioyo mitatu.

Nilitamani ardhi inimeze. Mtaniuliza kwa nini sikusema ukweli. Ni hivi: nilivyolelewa, mtu akikupa mnyama kutoka boma lake, tena akikuachia uchague mwenyewe, humrudii kusema huyu hanifai. Ni kama umemwambia urafiki wake haukufai. Nasike alisema ngamia kwa mzaha, lakini mimi ile bodi niliichukulia hivyo kweli kweli.

Likizo ikafika. Naishi na shangazi yangu Akiru, Kanamkemer. Yeye ananunua mbuzi Lodwar na kuwapeleka Kakuma kwa lori. Mwalimu alikuwa amesikia kwamba Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, kuna kituo cha kompyuta chenye internet ya nguvu. Akaongea na mama mmoja anayefundisha pale, akaniambia niende na shangazi, nibebe laptop, bodi na flash, nidownload ile software. Akanipa na namba ya Engineer, nimjulishe nikimaliza.

Flash yenyewe ilikuwa ya GB thelathini na mbili. Fanyeni hesabu wenyewe. Mimi sikuifanya.

Njiani tulikaa mbele na dereva, mbuzi nyuma. Shangazi akaniona nimekumbatia box.

"Hicho kitu chenu kinakula nini?"

"Hakili, shangazi. Ni cha umeme."

"Kila kitu kinakula. Yule mbuzi wangu wa Kitale unamkumbuka?"

Namkumbuka sana. Shangazi alimnunua mbuzi wa maziwa wa huko Kitale kwa sababu ya mwili tu, mkubwa, masikio yananing'inia. Akamleta Lodwar. Mbuzi akaangalia matunda ya mgunga, akaangalia jua, akalala kivulini akikataa kila kitu. Shangazi alimnunulia majani kama mgonjwa wa hospitali, mwishowe akamrudisha Kitale kwa lori hilo hilo.

"Nilimpakia usiku wa manane majirani wasinione," akasema, na dereva akacheka mpaka akapunguza mwendo.

Mimi sikucheka. Nikaangalia box langu. Bodi yetu ilikuwa inakula GB sitini.

Kituoni nilimkuta yule mwalimu, mama Mkongomani, kijana tu, wanafunzi wanamwita Madamu. Nikamsalimia kwa sauti ya mbu. Akafungua laptop yetu, akaangalia, akafungua box, akaangalia tena. Akapiga kofi moja.

"Mama yangu! Hii kintu kubwa munaitumikisha na hii mashini?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haiwezekane, mama. Hata minakupatia software yote hapa, itaingia wapi? Na ikiingia, hiyo RAM, utaandika mustari moja, utaenda kupika maharagi, utarudia, ingali inafikiri."

Alivyosema maharagwe nikaanza kulia. Sikupanga. Yeye hakujua habari ya store, alishtuka kweli, akaanza kuniomba msamaha. Nikamweleza yote. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimeongea dakika kumi mfululizo na mtu nisiyemjua.

Akaenda kabatini akarudi na kitu kwenye soksi ya mtoto. Ile bodi ndogo. Ile ile ya kwanza kwenye picha za Engineer.

"Hii yetu batoto bameimaliza. Banataka kuweka picha kwa ekra, kwa skrini, hii haiwezi. Software yake ni ya bure, ni kidogo, itaingia kwa ile flash na nafasi itabakia. Weye utupatie ile kubwa, tuko na mashini za nguvu. Tunabadilishana."

Wakuu, nilitaka kusema ndiyo hapo hapo. Lakini mnyama wa kupewa humbadilishi kabla aliyekupa hajajua.

"Siwezi," nikasema. "Ni ya mtu. Sijamwambia."

"Basi umuambie."

"Nilimdanganya."

Madamu akanisogezea simu yangu mezani kwa kidole kimoja. "Njo uanzie hapo."

Nje lori lilikuwa limeshashusha mbuzi. Shangazi alisema tunaondoka saa tisa. Ilikuwa saa nane kasoro.

Niliandika na kufuta, niliandika na kufuta. Mwishowe nikatuma hivi, nimenakili kwenye diary:

"Engineer, mimi ni secretary. Hatuendelei vizuri. Ile taa kwenye picha inawaka yenyewe ukichomeka. Laptop yetu haiwezi bodi kubwa. Nilijua kabla ya kuchagua na sikusema. Wengine hawana kosa. Kuna kituo Kakuma wanataka tubadilishane na ndogo. Naomba ruhusa yako. Samahani sana."

Nikaiweka simu mezani, skrini juu.

Saa nane na nusu, hakuna jibu. Lori likapiga honi. Shangazi akaja mlangoni, akaniona uso, akaketi kwenye benchi bila kuuliza. Akamwambia dereva asubiri. Dereva akalalamika, shangazi akamwambia hata mbuzi wa Kitale hakuwa na maneno mengi kama yeye.

Saa tisa na dakika chache simu ikatetemeka.

"Ile picha nilijua," Engineer aliandika. "Hiyo ni taa ya umeme, nimeiona maisha yangu yote. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Kisha nyingine: "Kwanza mlichagua kubwa kwa nini?"

Nikajibu: "Kwa sababu ya HDMI."

"Shule ina skrini ya HDMI?"

"Hapana."

Akatuma vicheko mstari mzima. Halafu: "Badilisheni. Niandikie jina la huyo Madamu, nimsalimie. Na wewe nitumie picha ukiwasha taa yako mwenyewe."

Shangazi akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Angekuwa mimi ningekuchapa," akanishika kichwa akanivuta kwake.

Ile software ndogo iliingia kwenye flash na nafasi ikabaki, kama Madamu alivyosema. Jumatatu muhula ulipofunguliwa, nikasimama mbele ya club nikawaambia wote kwamba nilijua. Nasike alikuwa juu ya stuli kama kawaida. Akasema, "Sasa kwa nini hukunirushia hata kiatu?" Akashuka kwenye stuli. Siku hizi kwenye mikutano mimi naanza kuongea, yeye anafuata. Imeandikwa kwenye minutes.

Zoezi la kwanza la kila kitabu ni taa za barabarani. Lodwar sijawahi kuziona, labda kwenye picha. Tukaamua kuhesabu mitungi kwenye kituo cha maji. Unabonyeza mara moja kwa kila mtungi, taa moja inawaka, mitungi ikifika minane zinawaka zote.

Ikatusumbua. Unabonyeza mara moja inahesabu mitatu. Tulidhani chip imeharibika, kumbe kibonyezo chenyewe kinarukaruka ndani kabla ya kutulia, na FPGA ina haraka ya kuona kila mruko. Inabidi uiambie isubiri kidogo. Hilo lilituchukua siku tisa.

Siku ya wazazi shangazi alikuja. Kwa bahati mbaya alijaribu lile toleo la zamani ambalo Nasike alisahau kulibadilisha. Akabonyeza mara moja, zikawaka taa tatu. Akasema kwa sauti, deputy akiwa kando yake, "Mmetengeneza muuza maji wa mtaani kwetu!"

Watu wakaangua vicheko. Nikaweka toleo sahihi. Akabonyeza: moja. Akabonyeza: mbili. Deputy akajaribu mwenyewe mpaka nane, akarudia tena. Maharagwe yamebaki yalipo, na sisi tumebaki na chumba chetu.

Nilichojifunza, kwa yeyote anayeanza: kabla ya kupenda bodi, iulize inakula nini. Angalia RAM yako, disk yako, bando lako, kisha uangalie bodi. Taa nane na vibonyezo viwili vitakuchosha kabla hujavimaliza. Na kama huna bodi kabisa, anza na simulator, yaani software inayojifanya bodi, inakubali laptop dhaifu.

La pili linanihusu mimi. Ile mistari miwili ilikuwa sahihi. Ilikaa kwenye diary mkononi mwangu wakati wenzangu watano walikuwa wakiniangalia wakisubiri niseme. Ndiyo maana hii nimeileta huku.

Picha ya taa zangu nane Engineer anayo tayari. Safari hii nilipiga kwa mbali, meza yote ikaonekana, na vidole vya Nasike.

Yule mkuu aliyeandika tuangalie laptop kwanza, kama uko humu: nilikusoma. Asante. Na wengine, nyinyi mlianza na bodi gani, na mlikosea wapi? Niambieni, nitajibu kila mtu.