Samaki wa Wageni

Baada ya miaka mingi ya kufundisha watoto kusoma nilistaafu, na parokia yetu hapa Bunia ikanikabidhi ufunguo wa depo ya chakula. Depo ni jina la heshima tu; kilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Kila jioni akina mama wa soko walituletea kilichobaki mezani kwao: kabichi zilizonyauka, nyanya laini, ndizi zilizoiva kupita kiasi. Zamani vyote hivyo viliozea mtaroni. Sasa tulivichambua, na Jumamosi asubuhi tukawagawia watu waliokimbia vita vya Djugu, wanaoishi kwenye mahema. Nilijivuna sana. Kila aliyenipa sikio nilimwambia kwamba kwangu hakitupwi kitu.

Siku moja mchuuzi kutoka Tchomia, kule ziwani, akatuachia kikapu cha samaki wa moshi. Walikuwa wamevunjikavunjika njiani na wanunuzi wamewakataa. Wiki hiyo hiyo padri akatangaza kwamba wageni waliokuwa wakitusaidia mchele, watu wa upande wa Mahagi, watakuja kutuona. Kwetu mgeni hakuti chungu kitupu. Nikiwa mdogo, mama yangu aliwahi kutulaza na uji mwepesi ili kuku abaki kwa ajili ya mjomba, na mjomba mwenyewe hakufika. Nililelewa hivyo. Nikaweka kikapu kwenye rafu ya juu kabisa, nikakifunika kwa kitenge changu kizuri.

Jumamosi ile alikuja mama mmoja wa mahemani niliyemfahamu vizuri, kwa sababu alizoea kufagia uwanja wetu bila kuombwa. Alikuwa amenusa samaki.

"Mama mwalimu, binti yangu amezala, lakini maziwa haitoke. Unipatie hata kichwa moja, nimupikie mchuzi."

"Ile samaki iko ya wageni, mama," nikamjibu. "Wageni wakifika, weye utapata wa kwanza."

Hakubishana. Nikampa kabichi mbili, akashukuru, akaenda.

Wageni hawakuja. Barabara ya Iga Barrière, ambayo wangepitia, haikuwa salama, safari ikasogezwa wiki moja, kisha nyingine. Jumamosi iliyofuata yule mama hakuomba tena. Alitazama tu rafu ya juu. Nilimwona. Nikajifanya nahesabu ndizi, na mpaka leo naona haya kuandika hivyo.

Mvua zilikuwa zimeanza, na chumba kile kilivuja. Ijumaa moja nikasikia harufu, nikapanda kigoda, nikafunua kitenge. Funza walikuwa wamejaa. Nikabeba kikapu mwenyewe hadi kwenye shimo la taka nyuma ya choo, nikamwaga samaki wote. Mimi, ambaye kwangu hakitupwi kitu! Kitenge nikakiacha palepale rafuni, kimefunika ubao mtupu. Sikuwa na nguvu za kukifua.

Kesho yake yule mama alikuja mapema, kabla ya foleni. Alikuwa amebeba beseni.

"Kale katoto kalikufa juzi," akasema. "Tulikazika jana."

Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Ulisema samaki iko ya wageni. Sasa wageni iko kwangu, wamekuja kwa matanga. Sina kitu ya kuwapatia."

Wenzangu wa depo huniambia kwamba mtoto alizaliwa dhaifu, kwamba mchuzi usingemwokoa. Pengine ni kweli. Lakini wao hawakumwona mama yule asubuhi ile. Laiti angenisuta, laiti angenitukana mbele ya watu wote, ningejua la kufanya. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ameyashika maneno yangu jinsi nilivyoyasema, akaamini kwamba sasa zamu yake imefika.

Aliweka beseni mezani kwangu, akainua macho kwenye kile kitenge, akangoja nipande kigoda.