Sista Levina wa Bukene na Vipande Vilivyotunzwa Katika Nta

Alizaliwa Bukene, wilaya ya Nzega, tarehe 4 Oktoba 1958, mtoto wa kwanza wa Vedasto, mrina asali, na Eustadia, aliyekuwa akiwauzia mihogo ya kuchemsha abiria wa treni ya Mwanza. Alibatizwa akiwa na siku tisa. Mdogo wake Xavery alimfuata baada ya miaka mitatu, na tangu alipojua kutembea hakumpa dada yake nafasi ya kupumua. Walikwenda pamoja porini na baba yao, wakarudi pamoja kukamua masega na kuyeyusha nta katika sufuria kuukuu nyuma ya nyumba. Levina aliipenda nta kuliko asali. Alitumbukiza humo maua, mbegu, hata panzi mmoja aliyekufa, na mwaka uliofuata panzi yule alikuwa bado na miguu yake yote. Mama yake alilalamika kwamba mtoto huyu anaharibu nta ya kuuza, na kwa kweli alikuwa anaiharibu.

Mwaka 1979 aliingia katika shirika dogo la watawa mjini Tabora, na mwaka 1983 akaweka nadhiri. Alisomea uuguzi, akapangiwa chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya misheni nje ya mji, na humo alidumu zaidi ya miaka thelathini. Hatutaki kuficha kwamba alikuwa mkali. Wauguzi vijana walimwogopa kuliko walivyomwogopa mganga mkuu, na mkasi uliooshwa vibaya uliweza kumnyima usingizi. Lakini mgonjwa aliyelazwa mezani akitetemeka alimkuta mtu mwingine kabisa, mwenye mkono wa joto na sauti ya chini, asiyeondoka mpaka mgonjwa afumbe macho.

Jaribu lake kubwa lilitoka ndani ya nyumba yao. Katika ukoo wa Vedasto kiungo kilichokatwa mwilini hakikuachwa ugenini. Kilifungwa katika kitambaa cheupe, kikarudishwa nyumbani na kuzikwa, ili mwenyewe siku yake ikifika alale mzima. Machi 2014 Xavery, akiwa na miaka hamsini na miwili, alikutwa na saratani ya tezi dume, na ikaamuliwa tezi yote itolewe. Daktari Majidi, mpasuaji wa hospitali hiyo na mzaliwa wa Tabora mjini, alikuwa ameanza wakati huo kushirikiana na watafiti wa chuo kikuu. Tezi ikishatolewa ilitiwa kwenye dawa ya kuzuia kuoza, kisha vipande vyake vikagandishwa katika nta, na watafiti wakasoma vinasaba vya uvimbe wenyewe. Kwa kusoma huko waliweza kukadiria saratani ya nani ina tabia ya kurudi baada ya upasuaji, ili apelekwe kupigwa mionzi mapema, na nani anaweza kuachwa apumzike. Xavery aliyasikia yote, akatia sahihi.

Asubuhi ya upasuaji, akiwa tayari juu ya meza, alimshika dada yake mkono na kumwambia, "Dada, usiniache nusu huku." Sista Levina aliufunika mkono ule kwa shuka. Upasuaji ulipokwisha aliifunga tezi katika kitambaa cheupe, akamkabidhi wifi yake Gaudensia, naye akapanda treni ya Bukene siku hiyo hiyo. Ilizikwa nyuma ya nyumba, karibu na mahali pale walipokuwa wakiyeyushia nta. Kesho yake Daktari Majidi aliulizia chupa yenye tezi ya Xavery, na Sista akamweleza alichofanya. Daktari alikaa kitako kwenye benchi la korido. Hakumfokea. Alisema tu kwamba sasa hawana cha kusoma, na itabidi wangoje wakipima damu kuona kama saratani inarudi.

Wakangoja. Damu ilikuwa nzuri mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili saratani ilirudi, na ilipoonekana ilikuwa imekwisha kuingia kwenye uti wa mgongo. Kama vinasaba vingesomwa, je, angepona? Daktari Majidi alimwambia Sista mara nyingi kwamba hakuna anayejua, kwani kipimo kile hutabiri tu, hakitibu. Maneno hayo hayakumfariji. Aliomba ruhusa, akaenda Bukene kumwuguza ndugu yake, na siku moja akaungama kwake kabla hajaungama kwa padri. "Mimi ndiye niliyekunyima jibu," alimwambia. Xavery akasema, "Mimi ndiye niliyeomba. Tumekosea wote wawili, na tulikosea kwa kupendana." Alifariki Februari 2018. Sista alilia kama mtu yeyote afiwaye na mdogo wake.

Padri aliyemwungamisha hakumpa rozari za kuhesabu. Alimwagiza aende kwa wale ambao bado wana muda. Hapo ndipo wito wake wa pili ulipoanza. Aliwafuata wagonjwa na jamaa zao Isevya, Urambo, hadi Ulyankulu, maana hofu ya kuzikwa pungufu aliikuta katika nyumba nyingi, za Wakatoliki na za wengineo. Hakuwacheka. Yeye, aliyeifuata desturi ile mpaka ikamgharimu ndugu, alijua ni upendo. Alichofanya ni kuitafutia nafasi. Kwa kibali cha mganga mkuu na cha watafiti, mabaki ya nta ambayo kazi yake ilikuwa imekwisha yalirudishwa Tabora, na kila tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, yakazikwa kwa sala, kila kipande katika kitambaa cheupe, na majina yakasomwa kwa sauti.

Mwaka 2019 alikwenda Isevya kwa mzee Yoramu, fundi cherehani na mzee wa kanisa la Moraviani, aliyekuwa amekubali upasuaji na kukataa kipimo. Sista alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha wakazungumza muda mrefu cherehani ikiwa kimya kati yao. Mzee alisema hawezi kufufuka akiwa anatafuta viungo vyake makabatini.

"Hatukitupi, mzee wangu," Sista alimwambia. "Kitatunzwa katika nta. Kikimaliza kazi nitakizika mwenyewe na kutaja jina lako."

"Na ukitangulia wewe?"

Sista akajibu, "Basi nitakuwa nimemwachia mtu."

Yoramu alikubali. Vinasaba vya uvimbe wake vilionyesha hatari kubwa ya kurudi, ingawa damu yake ilikuwa safi. Alipelekwa Mwanza, akapigwa mionzi wiki saba, na mpaka tunapoandika haya ugonjwa haujaonekana tena. Watu wa Isevya wanauita muujiza wa Sista. Kanisa halijasema lolote, nasi hatulitangulii. Novemba 2021 Sista alikizika kipande cha mzee kwa mikono yake, na mzee mwenyewe alisimama kando, kofia mkononi, akilisikiliza jina lake likisomwa miongoni mwa wafu.

Mwaka uliofuata Sista Levina alikutwa na saratani ya titi. Masista wenzake, wakijua alivyoiheshimu desturi, waliandaa kitambaa cheupe cha kuzikia kipande kitakachokatwa. Aliwazuia. "Msikizike kwanza," alisema, "bado kina kazi." Akatia sahihi watafiti wakitumie kwa faida ya wanawake watakaomfuata. Aliaga dunia kwa utulivu tarehe 19 Agosti 2023, akazikwa katika makaburi ya shirika.

Tumwige basi dada yetu huyu, aliyekosa kwa upendo, asiifiche toba yake chumbani, bali akaifanyia kazi njiani. Tangu alipofariki, wagonjwa wengi wa tezi dume katika hospitali ile wameridhia kipimo. Naye mzee Yoramu, ambaye sasa ana miaka sabini na sita, hufika kila Novemba kuuliza kama nta ya Sista imerudi. Huambiwa bado inasomwa. Hukirudisha mfukoni kitambaa cheupe alichokipinda pindo kwa cherehani yake mwenyewe, na kusema hana haraka, kwa kuwa yeye ndiye mtu aliyeachiwa.