Kaburi Nyuma ya Jiko Letu, Oli

Nilifika Oli, mtaa wetu wa mjini Arua, wiki iliyopita, mchana, nimechoka, vumbi la barabara ya Koboko likiwa mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimekuja kumchukua mama. Kaka na dada zangu walikwisha kuijaribu kazi hii, kila mmoja kwa wakati wake, na wote walirudi mikono mitupu. Ndiyo maana zamu ilinifikia mimi, kitinda mimba, muuza vitenge wa soko la Koboko, ambaye nyumbani kwetu huwa hatumwi mpaka wakubwa wameshindwa.

Jambo lenyewe si gumu kulieleza. Mama amezeeka, anaishi peke yake, na magoti yake hayamtaki tena. Kaka mkubwa ana nyumba kubwa kule Koboko na watoto tele, kwa hiyo hatakosa wa kumshika mkono. Kiwanja chetu cha Oli kitachukuliwa na mtoto wa baba mdogo, anayetaka kujenga vyumba vya kupangisha. Huyo amekwisha kumwaga lori zima la mchanga karibu na mlango wa mama, kabla hata hajaambiwa ndiyo. Kilichokuwa kikituzuia ni kimoja tu. Nyuma ya jiko letu kuna kaburi, na aliyelala humo si mtu wa ukoo wetu, wala mama hakutaka kabisa kumwacha peke yake.

Ukae nikuambie alivyofika hapo.

Wewe unazijua hospitali zetu. Mgonjwa haji peke yake. Anakuja na mtu wake wa kumpikia, kumfulia, kumgeuza, na kutandika mkeka chini ya kitanda chake. Asiye na mtu hulala tu akitazama sufuria za wenzake. Mama yangu aliwajua hao wasio na mtu tangu sijazaliwa. Kila Jumamosi alikoroga uji wa ulezi, akaukamulia ukwaju, akaufunga kwenye shuka ili usipoe, na kuupandisha mjini kichwani. Nikisikia harufu ya ukwaju hata leo, namwona mgongo wake ukipotea barabarani na sisi tumebaki uani.

Alikuwa mama wa kanisa hasa, lakini si wa kupayuka. Sala zake zilikuwa fupi. Ungemkuta amepiga magoti kando ya sigiri, macho amefumba, mkono mmoja ungali kwenye mwiko ugali usije ukaungua. Ukimwita wakati huo, alikujibu bila kufungua macho, "Ngoja, nione huyu kwanza," kana kwamba Mungu naye alikuwa kwenye foleni ya wagonjwa wake.

Baba alikuwa fundi wa kushona, Mlugbara wa Dadamu. Mama ni Mkakwa wa Koboko. Kila mmoja alikataa katakata kujifunza lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumba yetu ilizungumza Kiswahili, hiki chetu ambacho walimu wanakicheka. Mama akiwa hospitalini, dada mkubwa ndiye aliyesonga enyasa, ule ugali wetu wa unga wa muhogo na ulezi. Sisi wadogo tulishuka mtoni na jerikeni, au tulikaa kuchagua michanga kwenye angara, vile visamaki vikavu ambavyo harufu yake haitoki mkononi hata kwa sabuni. Baba alitafuna taratibu na kusema, "Ugali hii iko na mawe." Halafu alikula yote.

Basi msimu mmoja wa mvua, watu walikuwa wakiingia kwa wingi kutoka ng'ambo ya mpaka, wakati huo nchi yao bado inaitwa Sudan tu. Walipita Koboko na magodoro kichwani, wengine wakafika mpaka kwetu Arua. Katika wodi mama akamkuta mwanamke wa ng'ambo, mgonjwa wa kifua, hana mtu hata mmoja. Watu wake walikuwa wamepotezana njiani. Siku hizo nesi mmoja mkali alikuwa amechoka na wageni waliojaa wodini, akawa anawafukuza wote wasio ndugu. Alipofika kwa mama akamwuliza, "Huyu iko nani yako?"

Mama akajibu, "Iko dada yangu."

Mama huyohuyo alikuwa akitupigisha magoti kwa uongo wa sukari iliyolambwa! Baba aliposikia alicheka mpaka akaweka mkasi chini. "Leo mama ya kanisa imesema uongo."

"Hapana uongo," mama akasema. "Nimeshasema. Sasa iko dada."

Akakaa naye mvua zote zile. Aliporudi nyumbani ilikuwa ni kuoga, kutukagua masikio, kuchukua kuni, na kwenda. Yule mwanamke, mama alitusimulia, hakuogopa kufa. Aliogopa kuzikwa mahali ambapo watu wake hawatapajua, wakabaki wanamtafuta miongo na miongo kumbe yuko chini ya nyasi za mtu. Akamtajia mama jina lake, jina la baba yake, na kijiji chao. Mama akamwambia, "Wakikuja, watanikuta." Ahadi yenyewe ni hiyo, maneno mawili tu, nayo ikawa maisha yake yote yaliyobaki.

Yule mwanamke alifariki asubuhi moja. Nesi akamwambia mama, "Chukua ndugu yako." Na mama angesema nini? Alijiita dada kwa ajili ya uji, sasa ilimbidi awe dada kwa ajili ya maiti.

Baba alifunga cherehani akapanda baiskeli kwenda Dadamu kuwaomba wazee wake kipande cha ardhi. Wakakataa, na sikuwalaumu hata nilipokua. Kwetu mwanamke hazikwi mpaka watu wa kwao wameambiwa, wakaja, wakamwona, wakaridhika. "Ukoo yake iko wapi?" mzee mmoja alimwuliza baba. "Akilala hapa na watu yake hawajui, kesho watakuja kusema sisi tumemuua." Baba akarudi, baiskeli anaisukuma kwa mkono.

Kwa hiyo yule mwanamke akaja Oli kwa gari la kanisa, kwenye kiwanja chetu kidogo, kwenye muhogo wetu. Jirani yetu, bibi mmoja Mnubi, Mwislamu wa kuswali swala zote, alileta kitambaa cheupe alichojiwekea mwenyewe, na wao wawili, yeye na mama, wakamwosha. Wanaume wa mtaa wakachimba. Katekista akaomba Kilugbara, bibi Mnubi akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sisi wote. Mama alilia kama mtu aliyefiwa na wake. Mimi nilishika gauni lake nikalia pia, kwa kuwa alikuwa analia.

Baba alinuna muda mrefu. Kuzika mtu usiyemjua uani kwako si jambo dogo kwetu, na wapo waliosema tumejiletea mkosi. Halafu siku moja tulimkuta akipanga mawe kuzunguka kaburi, moja moja, akiyapima kwa kamba yake ya kushonea.

Tangu hapo, kabla ya kula, baada ya kuomba, mama alitutajisha yale majina: la mwanamke, la baba yake, la kijiji. Chakula kilipoa mbele yetu. Kaka aliyataja kwa haraka ili awahi nyama. Kila Krismasi mama alipokandika sakafu kwa udongo na samadi, alilikandika na kaburi, kisha akaosha mikono akaendelea na sambusa.

Na aliuliza. Masikini mama, aliuliza! Sokoni, kanisani, kwenye stendi ya mabasi, popote alipomsikia mtu anaongea kwa lafudhi ya ng'ambo, alimsogelea na yale majina yake. Wengine walikijua kijiji. Wengine walisema kilichomwa, watu wametawanyika. Vita viliisha, watu wakarudi kwao, nchi ikapata jina jipya, vita vikaanza tena, watu wakaja tena. Mama alikuwa palepale. Baba akafa, tukampeleka Dadamu kwa wazee wake. Bibi Mnubi akafa. Muhogo ukaisha, Oli ikajaa nyumba mpaka huoni mto. Kila tulipomwambia mama ahamie Koboko, jibu lilikuwa moja: "Nikienda, wakikuja watakuta nani?"

Ndivyo walivyoshindwa wenzangu. Mimi nilijipanga. Njia nzima ya kutoka Koboko nilikuwa nabishana naye kichwani. Ningemwambia tutalijengea kaburi kwa saruji na kuandika jina. Ningemwambia nitaacha namba yangu ya simu kwa majirani. Ningemwambia, nilikuwa tayari hata kwa hili, kwamba hakuna anayekuja, mama, wamekufa wote, pumzika.

Asubuhi nilimtoa nje aote jua, nikampa uji. Nikasema, "Mama, nimekuja tuongee habari ya kuenda Koboko."

"Twende," akasema.

Nilidhani hakusikia. Nikarudia.

"Twende tu. Leo?"

Unajua mtu anavyosukuma mlango kwa bega kumbe haujafungwa. Nilibaki nimeshika kikombe. Nikamwuliza, "Na kaburi, mama?"

Akageuka akatazama nyuma ya jiko, akatazama sana, kwa adabu. "Kaburi ya nani?"

Nikamtajia. Jina la mwanamke, la baba yake, la kijiji, yote matatu, kwa mpangilio uleule aliotufundisha yeye. Alinisikiliza vizuri, kichwa kimeinama, kama anavyomsikiliza mfiwa yeyote. Halafu akanishika mkono.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Mungu amupumuzishe."

Nikaingia jikoni nikalia, nakuambia kweli, nililia nimeziba mdomo kwa kitambaa cha sufuria. Baadaye nikampigia kaka simu. Nikamwuliza kama anakumbuka jina la kile kijiji. Akajibu, "Yule mama wa ng'ambo? Aah, wewe, ni zamani. Mlete mama bwana, chumba tayari." Nikampigia dada. Dada anakumbuka jina la mwanamke, la baba limempotea.

Jana mtoto wa baba mdogo alikuja na vijana wenye majembe, akaanza kupiga kamba kutoka mlangoni kwenda nyuma. Nilimwambia nyuma ya jiko asipite. Akaniuliza kwani mimi si nimekuja kumchukua mama. Nikamwambia asipite. Aliniangalia kana kwamba jua limenipanda kichwani, akakunja kamba yake, akasema atarudi.

Vitenge vyangu viko Koboko chini ya turubai, jirani wa meza ananiuzia, na mwenyewe analalamika. Sijui nitakaa mpaka lini. Sijui hata namngoja nani. Mama amevaa gauni lake la kanisa tangu siku ile, amekaa kitini na mfuko wake mapajani, hana wasiwasi wowote, anang'aa. Kila asubuhi ananiuliza tunaondoka lini. Namwambia kesho.