Nakala Tatu za Shemeji

Stashahada yangu ya kompyuta niliipata Louisville, ughaibuni, nikisoma jioni baada ya kubeba maboksi mchana kutwa. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nalisema hili mapema kwa sababu tajiri aliyeniajiri baadaye aliniona mimi msumbufu, na shemeji yake ndiye bingwa.

Tajiri huyo, Mkongo wa Columbus, alikuwa na magari ya kupeleka watu kazini Louisville, Columbus na Buffalo. Programu iliyowatumia abiria saa ya kuchukuliwa iliandikwa na shemeji. Nilipoifungua nilidhani paka ametembea juu ya kibodi. Saa ya kuondoka iliitwa "x". Gari liliitwa "x2". Kulikuwa na "mpya", "mpya_kabisa" na "mpya_usiguse". Na mistari ileile ilinakiliwa kwa kila mji, kama mtu anayejenga jiko jingine kila anapotaka chai.

"Shemeji, saa iandikwe mahali pamoja," nilimwambia. "Ukiibadilisha, unaibadilisha mara moja tu."

"Bon, inatembea, sivyo?" akajibu kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa. "Weye na diplome yako, unatafutia mutu muzima ugonjwa!"

Tajiri alicheka mpaka akashika tumbo.

Theluji ilipoanza, tajiri aliagiza magari yote yaondoke nusu saa mapema. Shemeji akabadilisha Louisville, akabadilisha Columbus, kisha akaenda kula. Buffalo akaisahau.

Kesho yake mama mmoja Mrundi alifika kituoni Grant Street, Buffalo, kwa saa aliyotumiwa. Gari lilikuwa limeshaondoka. Kiwanda alichofanyia kazi, kule Lackawanna, jirani na Buffalo, kilikwishamwonya: akichelewa tena, kazi hana. Alinipigia mimi, si bingwa.

"Mwanangu, nimesimama kwenye theluji. Wanangu watakula nini?"

Nilimwekea tajiri kompyuta mezani, nikamwonyesha saa ya Buffalo. Safari hii hakucheka. Alimpigia msimamizi wa kiwanda, akabeba lawama mwenyewe, na mama akabaki na kazi yake.

"Donc, ningeliona kesho," shemeji akanung'unika.

Nilizifuta nakala zote tatu, nikaandika moja, na kila kitu nikakipa jina lake. Jumapili, kanisani, tajiri alimshukuru shemeji kwa "kuboresha programu". Kati ya abiria, mama yule tu ndiye aliyejua kazi ilikuwa yangu, na kila baridi ilipoanza alinipigia kuniuliza kama saa ni ileile.

Sasa nafundisha kompyuta Kigoma. Siku ya kwanza naandika ubaoni "mpya_usiguse", kisha nawaambia wanafunzi ni nani aliyesimama kwenye theluji kwa sababu ya uandishi wa namna hiyo.