Mapera ya Bwana Mkaguzi

Nilipopelekwa Mbololo kwa mazoezi ya ualimu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa na majivuno mengi kuliko maarifa. Nilitoka mjini Voi, nimevaa viatu vya kisigino, na watoto wa mlimani niliwaona ni watu wa kuelimishwa tu. Baba, karani wa stesheni, alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba binti yake ni mwalimu. Kilichobaki ni mkaguzi aje, atazame somo langu moja, aandike kwamba nimefaulu. Nikianguka, narudia mwaka, na baba ahame mtaa.

Mkaguzi mwenyewe alikuwa mtu mkavu. Walimu walisema maneno matupu hayamwingii, hutaka kuona kitu kwa macho yake. Basi nikaazimia kumwonyesha popo.

Darasa letu la sita lilikuwa na popo wadogo darini, na harufu yao tulikuwa tumeizoea hata chakula tukila humo humo. Kitabu changu kilisema popo hutoa sauti nyembamba tusiyoisikia, sauti ikagonga kitu na kumrudia, naye akajua pa kupita hata gizani. Nikapanga kuziba madirisha kwa mablanketi, nifunge kamba za katani huku na huku, kila kamba na vizibo vyake vya soda. Popo angepita katikati na kizibo kisilie hata kimoja. Nilijipongeza siku tatu kabla.

Wale wa darini hawakufikika, kwa hiyo niliwaagiza watoto popo. Asubuhi ya ukaguzi akaja msichana mmoja mwembamba, ambaye siku zote alizungumza akitazama vidole vya miguu yake, amebeba kikapu kilichofunikwa leso. Ndani mlikuwa na popo mkubwa, uso wa kambwa kadogo, macho mawili manene ya kahawia. Nilifurahi. Kwa ukubwa ule mkaguzi angemwona vizuri.

"Mwalimu," akasema, "hii ni ile ya kukula mapera. Ile ya kusikia ni ile kidogo ya juu."

"Wewe ngoja uulizwe," nikamwambia. "Nenda ukae."

Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, na bado sikutazama.

Mkaguzi alitokea ofisini kwa mwalimu mkuu, ambako tulikuwa tumeandaliwa sinia la mapera, tule sote pamoja baada ya kazi. Akakaa nyuma ya darasa bila kuvua koti, daftari gotini. Nikaandika ubaoni, "Popo huona kwa masikio," nikaeleza kwa madaha, watoto wakaziba madirisha, nami nikafunua kikapu.

Vizibo vikalia. Popo aligonga kamba ya kwanza, akagonga ya pili, akajipiga kwenye ya tatu, na watoto wakavunjika mbavu. Kisha kimya. Nikajua amekufa, na kazi yangu imekufa naye. Nikaamuru blanketi moja liondolewe.

Popo alikuwa ananing'inia kwenye koti la mkaguzi, kichwa chote mfukoni. Mkaguzi ameketi wima, mikono juu, ametulia tuli. Mfukoni mle mlitoka sauti ya kutafuna.

"Mwalimu," akauliza polepole, "mnyama wako anafanya nini?"

Nikatazama darasa, nikaona mkono mmoja tu uko juu, na pengine ulikuwa juu tangu nilipoanza.

"Haya, sema."

"Hii haitumii masikio, mwalimu. Inanusa. Bwana Mkaguzi ako na mapera."

Yalikuwa matatu, yaliyoiva kuliko yote ya lile sinia letu la ofisini. Nikafuta ubao, nikampa yule msichana chaki. Akaeleza jinsi popo yule anavyopita mti wa matunda mabichi bila kusimama, na kwenda moja kwa moja kwenye lililoiva siku hiyo. Akaeleza kwamba macho yale makubwa ni ya kuonea kwenye mwanga hafifu, na kwamba wale wadogo wanaokula wadudu ndio wanaohitaji masikio. Alisema kwa dakika kumi, na vidole vya miguu hakuvitazama hata mara moja.

Mkaguzi aliandika kwamba nimefaulu. Mtu aliyekamatwa na mapera matatu haandiki ripoti ndefu. Baba alichinja kuku, nami nikala bila kumweleza lolote, ingawa kila tonge lilishuka na aibu yake.

Jumatatu nikamhamishia yule msichana dawati la mbele, na kwa kuwa bado nilitaka kumlaumu mtu, nikamuuliza kwa nini hakusema mapema.

Safari hii alinitazama usoni.

"Nilisema, mwalimu. Ukaniambia ningoje niulizwe," akajibu. "Nikangoja."