Vitabu vya Mjomba Vilivyoshuka Mlimani

Alhamisi, tarehe kumi Aprili. Mvua ilinyesha tangu usiku, alfajiri ikabaki manyunyu, na mlima wote ulikuwa umejifunika. Niliondoka nyumbani Mazimbu na begi tupu, kwa sababu Mama Mkubwa Zena, dada mkubwa wa mama yangu, alikuwa amepiga simu kwamba ukoo umekaa na vitabu vya marehemu mjomba vimeangukia kwangu. Nivifuate kabla mchwa hawajavifikia.

Kwa asiyetujua, nieleze kidogo. Mjomba Shomari alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, akafariki mwaka jana. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na vitu vya mwanamume huwaendea watoto wa dada zake kabla ya wale aliowazaa mwenyewe. Mimi ni mtoto wa dada yake. Niliishia darasa la saba, nashona nguo, na vitabu vya kuwafundisha walimu kazi yao sina matumizi navyo. Ila binti yangu Salha yuko chuo cha ualimu, na mwezi wa saba anakwenda mazoezi ya kufundisha. Ndiyo maana niliitikia haraka. Kama ilikuwa tamaa au ni mapenzi ya mzazi tu, mpaka leo sijui.

Saa nne asubuhi nilikuwa Mkuyuni. Gulioni kulikuwa na mafenesi yamelazwa kwenye matope na akina mama wamejifunika nailoni. Nikampata Mzee Mkude, dereva wa bodaboda anayepanda mpaka kijijini kwa mjomba. Aliniambia nishike vizuri na nisipige kelele kwenye kona, kwa sababu abiria akipiga kelele dereva naye anaogopa. Tukapanda katikati ya migomba na mipilipili manga, mara mbili nikashuka kutembea kwa mguu, barabara ikiwa imeliwa na maji.

Kufika nyumbani kwa mjomba, aliyetoka kwanza ni Rehema, binti yake. Yeye ndiye mwalimu wa darasa la kwanza pale kijijini. Mtoto wa mjomba kwetu ni mtani. Anaweza kukusema vibaya mbele za watu na wewe ukacheka, ndiyo heshima yake.

"Mwizi kaingia," alisema akiwa mlangoni. "Shangazi, ficheni kuku."

"Kuku wenyewe wamekonda kama mwenye nyumba," nikamjibu.

"Tumekonda kwa kukungoja. Siku ya msiba hukuchelewa kuondoka, leo kuna mali umefika na jua."

"Jua gani, na mvua hii?"

Akanipokea begi, akalipima mkononi. "Tupu," alisema. "Mtu mwenye adabu hujaza mchanga kidogo, wenyeji wasijue alichokuja kufanya."

Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika kiuno. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia huku akipangusa machozi.

Ijumaa asubuhi Rehema alinichukua nikaone shule. Watoto walikuwa wengi kuliko madawati, wengine wamekaa chini kwenye gunia. Mezani kwake kulikuwa na kitabu cha jalada la kijani, kimefunguliwa na kugandamizwa kwa jiwe upepo usikifunge. Kilikuwa kimojawapo cha vitabu vya mjomba, cha kufundisha watoto wadogo kusoma. Pembeni mjomba aliandika kwa penseli, kila ukurasa, mambo ya watoto wa kule juu ambao nyumbani wanasema Kiluguru: hapa watakwama, hapa usiende haraka, hapa tumia vizibo.

Na kweli kila mtoto alikuwa na vizibo vya soda. Rehema akitamka neno, wanasogeza kizibo kimoja kwa kila sauti wanayoisikia. Msichana mmoja alisogeza viwili, akasita, akajisahihisha kwa kuongeza cha tatu, kisha akatazama juu kuona kama mwalimu ameona. Mwalimu alikuwa ameona.

"Nimefika katikati ya kitabu," Rehema aliniambia watoto walipotoka. "Nusu ya darasa wameanza kusoma. Nusu bado wanaimba."

"Wanaimba?"

"Ukiandika ubaoni wanakariri wote kwa pamoja, kwa sauti nzuri. Futa neno moja, andika lingine, bado wanasema lile la kwanza. Hao ndio wa nusu ya pili ya kitabu."

Nikasema wanasoma vizuri hata hivyo.

Alasiri, baada ya swala, ukoo ulikaa tena mkekani, safari hii kukabidhi. Mambo ya dini yalikuwa yameshamalizwa zamani, vilibaki vitu vinavyogawanywa kimila. Mama Mkubwa akanisogezea vitabu: kile cha kijani, kimoja cha namna ya kusimamia darasa lenye watoto wengi, kingine cha kutengeneza zana kwa mabua na udongo, na vingine vidogo. Akasema mjomba ananipa kupitia mkono wake yeye.

Rehema akasema, "Mtani, niachie hicho cha kijani. Nitakulipa kwa kuku waliokonda."

Watu wakacheka. Mtani akiomba mbele za watu humwachi mikono mitupu. Unampa kitu chochote, na kikiwa cha kumchekesha ndiyo vizuri zaidi. Nikavua kanga begani, nikamrushia. "Chukua hii ukasomeshee."

Kicheko kiliongezeka. Rehema naye alicheka. Aliikunja kanga vizuri, mara mbili, akaiweka pajani. Hakuivaa. Nililiona hilo, nikasema moyoni, ni nadhifu.

Nisimsingizie mtu. Mama Mkubwa alifanya kama alivyofanya mama yake. Alipogawa alisema Rehema ana shule, na shule haikosi vitabu, na aliamini hivyo. Hakuna aliyekaa kwenye ule mkeka kwa ubaya.

Jumamosi asubuhi nilishuka na Mzee Mkude, begi nimelikumbatia. Mvua ilikuwa inarudi. Kwenye mteremko wa kwanza akauliza, "Hivyo ndivyo vile vya Mwalimu?"

"Vya mjomba wangu."

"Jumatano Mwalimu Rehema alinipa cha kijani nikakitoe kopi Mkuyuni. Alitaka kuanzia pale alipofika mpaka mwisho. Umeme hakuna. Nikakaa mpaka jioni, nikakirudisha hivyo hivyo."

"Hakuniambia," nikasema.

"Ninyi si watani? Angekuambiaje?"

Akaendelea kidogo. "Mwanangu yuko darasani kwake. Juzi kasoma 'chumvi' kwenye pakiti, mama yake akadhani kaambiwa na mtu." Kisha akapunguza mwendo, akasimamisha pikipiki, mguu mmoja chini. "Turudi?"

Hapa ndipo ninapojiuliza kila nikikaa kwenye cherehani. Kurudi kulikuwa kazi ndogo. Ila nilifikiria gari la Morogoro linaloondoka Mkuyuni likijaa, nikafikiria kuingia mbele ya Mama Mkubwa na kuweka chini kitu nilichopewa jana, nikafikiria na Salha anangoja. Nikasema, "Twende tu."

Alinishusha gulioni, akaniaga kwa adabu kama kawaida.

Alasiri nilikuwa nyumbani. Salha alisoma kile cha kijani akiwa amesimama, hakuvua hata viatu. "Mama, hiki chuoni kiko kimoja tu maktaba, tunapangiana zamu," alisema. Kwa hiyo haja yake nayo ni ya kweli, siwezi kusema nilimchukulia mtoto kitu cha mchezo. Lakini nilimsimulia yote, mpaka kanga. Akakaa.

"Mama, si ungemuuliza tu?"

Nikampigia Rehema. Nilisikia mvua ikigonga bati kwake.

"Rehema, leo sitanii. Nikurudishie kitabu?"

"Wewe umeanza lini kuacha utani? Acha mtoto asome. Mimi Jumatatu nitakwenda kwa kichwa mpaka pale ninapokumbuka."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tutaimba, mtani."

Alicheka, na mimi nikacheka, kwa mazoea. Nilipokata simu nilijua kwamba kwa maneno hayo alikuwa ameniomba mara ya pili.

Nikampigia Mama Mkubwa. Hakukasirika. Alisema cha mjomba kikirudishwa ni kama nimemkataa marehemu, na kina mama wengine wa ukoo watauliza kwa nini. "Mpelekee kopi," alisema. "Chenyewe kikae kwako." Nikasema sawa, mama. Nilisema sawa upesi mno.

Salha akakimbia kwenye duka la kopi karibu na chuo kikuu cha hapa Mazimbu, akarudi na karatasi zote. Maneno yaliyochapwa yalikuwa meusi, safi kabisa. Pembeni pakawa peupe. Penseli ya mjomba haikutoka hata ukurasa mmoja.

Nilichojifunza ni kwamba mwenye shida anaweza kuomba huku anacheka, kwa sababu ndiyo lugha pekee tuliyompa. Kopi zitapanda mlimani Jumatatu na Mzee Mkude, na pale kijijini watasema nimetenda haki. Rehema atajua kwamba maandishi ya baba yake yako Mazimbu, kwa watu wasiofundisha darasa la kwanza.

Salha alichukua kalamu akaanza kuyahamishia kwenye kopi, neno kwa neno, akiniuliza pale asipoelewa mwandiko wa mjomba. Mengi nilishindwa kuyasoma. Mwenye kuyajua yuko kule juu. Tulikula ugali na mlenda, yeye mkono mmoja kwenye sahani na mwingine umeshika ukurasa usilowe.