Kunguru Waliolikimbia Paa Letu

Nimekaa Tabora, nimekaa Kigoma, nimekaa Lindi, na kila mji niliouhama naukumbuka kwa mnyama wake. Tabora ni fisi waliokuja kutafuna mifupa nyuma ya bucha. Kigoma ni nyani waliojua kufungua madirisha kama wezi. Kariakoo, ambako cherehani yangu imekaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, ni kunguru. Wanachana mifuko ya dagaa, wanabeba vifaranga, wanakunyang'anya andazi ukiwa umelishika mkononi. Nilipofika niliwachukia kama kila mtu. Baadaye nikawazoea, kama ninavyozoea kila kitu muda mfupi kabla ya kuondoka.

Cherehani yangu iko barazani, mbele ya duka la vitambaa. Duka ni la familia ya Kihindi, mzee na mkewe, ambao waliishi ghorofani juu ya duka hilo hilo. Watoto wao walishahamia ng'ambo. Duka la pili, ukuta kwa ukuta, linauza mchele na maharage kwa jumla. Mwenyewe ni mtu wa Kilimanjaro na mtaa mzima humwita Mangi. Mangi na mzee walikunywa chai pamoja kila alasiri, wamekalia magunia, kila mmoja akiitukana timu ya mpira ya mwenzake.

Kisha mzee akaugua kifua. Akaacha kushuka. Kikohozi chake tulikisikia hadi barabarani, na kila alfajiri kunguru walijaa juu ya paa lake na kuanza kelele zao.

"Fundi, unawasikia?" Mangi aliniambia asubuhi moja, akifungua makufuli. "Wanamwita."

"Wanagombea mfupa tu, Mangi."

"Mfupa wa nani? Mgonjwa hapati usingizi. Hawa nitawamaliza."

Hakuwa anatania. Alinunua ile dawa ya panya inayotangazwa kwa kipaza sauti barabarani, akaichanganya na utumbo wa kuku, akapanda kuutandaza juu ya paa lake, ambalo limeungana na la jirani. Alifanya kwa upendo. Niliuona uso wake.

Kunguru hawakufa upesi. Mmoja aliangukia miguuni pangu, mdomo wazi, mbawa zikitetemeka kama kitambaa kilichonasa kwenye sindano. Wengine waliangukia miavuli ya wauza matunda. Wazima walikusanyika juu ya nyaya za umeme wakapiga kelele mchana kutwa, hadi wateja wakawa wanaongea kwa kupaza sauti. Kesho yake wakaondoka. Tangu hapo waliruka juu ya mtaa wetu wakielekea kwenye majalala ya bonde la Jangwani, lakini hawakutua tena. Mama, mke wa mzee, hakuwa na habari. Alikuwa ndani na mgonjwa wake, na hakuna aliyeona sababu ya kumpandishia habari za ndege waliokufa.

Mzee alifariki masika, siku ambayo Jangwani kulijaa maji na gari lililompeleka kuchomwa moto, kwa desturi yao, likalazimika kuzunguka njia ya mbali. Mangi alifunga duka akaenda. Sikuwahi kumwona akifunga duka, hata sikukuu.

Mwezi wa tisa, asubuhi, Mama alishuka amevaa nguo nyeupe.

"Fundi, kunguru wamekwenda wapi?"

Nikainamia kitambaa changu. Akanieleza, akidhani sielewi kwa nini anauliza. Kwao kuna siku za kuwakumbuka wafu, na kila marehemu ana siku yake. Unapika alichokipenda, unakiweka juu ya paa, unawaita kunguru. Kunguru akila, chakula kimemfikia. Asipokula, marehemu ana kitu moyoni, na amebaki na njaa. Siku ya mzee ilikuwa hiyo hiyo, na mwisho wa kumlisha ni jua la utosi.

"Nimeita tangu asubuhi," alisema. "Wananipita tu."

Mangi alikuwa mlangoni kwake, mkono juu ya mizani. Alisikia yote. Aliiacha mizani na mteja wake, akadandia bodaboda.

Alirudi kutoka soko la samaki Kivukoni amekumbatia tenga la kuku. Ndani kulikuwa na kunguru mmoja, amefungwa mguu kwa kamba ya katani. Wabeba mizigo walimpokea kwa vicheko.

"Mangi! Mchele umekushinda?"

"Supu bakuli bei gani, Mangi?"

"Nipisheni, wehu nyie," alisema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Akaniomba nipande naye. Nadhani aliogopa kwenda peke yake.

Juu ya paa, Mama alikuwa amesimama kando ya sahani ya wali wa maziwa wenye iliki. Nzi walishaanza kuuzunguka. Mangi alimtoa kunguru, akamsogeza karibu na sahani huku ameshika kamba.

"Mfungue," Mama alisema.

"Ataruka, Mama."

"Mfungue. Huyo hajaja, ameletwa."

Nikaikata kamba kwa mkasi. Kunguru alirukia ukingo, akajikung'uta. Aliitazama sahani, kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Kisha akaruka zake, juu ya mabati, hadi tukampoteza.

Mangi akachuchumaa.

"Mama, ni mimi. Niliwawekea sumu mzee alipokuwa mgonjwa. Nilitaka apate usingizi."

Mama aligeuka akazitazama nyaya za umeme, hazina ndege. Chini, mtu alikuwa anatangaza mashati.

"Mzee alikuwa akiwasubiri," Mama alisema. "Hakupata usingizi hata kidogo, Mangi. Usiku aliogopa. Wakianza kelele, ananiambia, haya, nimeiona siku nyingine. Walipoacha akaniuliza wamekwenda wapi. Nikamwambia watarudi. Kila alfajiri akaniuliza."

Mangi alifunika uso.

Mama akainama, akaichukua sahani, akafukuza nzi, akaiweka mbele ya Mangi.

"Kula."

"Mama, hiki si cha kwangu."

"Jua linafika utosini. Kula."

Akala. Alikula kwa mkono, amechuchumaa, mabega yakimtikisika. Mama alisimama juu yake akiangalia kila tonge, hadi sahani ikabaki nyeupe.

"Sukari imetosha?" aliuliza.

"Imetosha, Mama."

"Yeye angesema bado."

Akachukua sahani, akashuka ngazi akishikilia ukuta.